Trela Libaki Kambini

Kwenye barabara ya Needles, ndani ya hifadhi ya Custer jimboni South Dakota, Marekani, kuna tundu lililopasuliwa katikati ya mwamba wa graniti. Upana wake ni mita 2.4. Matrela mengi ya kulala yana upana huohuo, au yanazidi. Mke na mume wakifika hapo na nyumba yao nyuma ya gari, hawana budi kutafuta pa kugeuzia. Wakipapata.

Safu hii inawaunga mkono wanaolifungua trela kambini na kuliacha hapo siku nne au tano. Trela ni kitanda na jiko. Anayelikokota kila asubuhi huishia kutazama vituo vya mafuta, na jioni huwa ni kuunga maji na umeme, huku mmoja akipunga mikono gizani na mwenzake akirudi kinyumenyume. Ndoa ngapi zimetikisika hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Barabara ya Needles haikubanwa kwa bahati mbaya. Peter Norbeck, aliyekuwa gavana kisha seneta, aliitafutia njia kwa miguu na juu ya farasi, na ilipokamilika mwaka 1922 ilikuwa na kona za kumlazimisha dereva apunguze mwendo. Ile jirani yake ya Iron Mountain ina mahandaki yaliyoelekezwa ili, ukitokeza, nyuso za Rushmore zikae mbele yako kama picha ndani ya fremu.

Nyuso hizo za marais wanne, kila moja yapata mita 18, zilichongwa kati ya 1927 na 1941. Wenye haraka hupiga picha na kuondoka. Wenye nafasi husikia upande wa pili: mkataba wa 1868 uliwaachia Walakota, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, milima hii, na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba walinyang'anywa, ikaamuru walipwe. Fedha hizo wamezikataa; wanataka ardhi. Mwendo mfupi kutoka hapo, sanamu ya Crazy Horse, shujaa wao, imekuwa ikichongwa mlimani tangu 1948 na bado haijaisha. Hata hiyo ina wapinzani miongoni mwa Walakota wenyewe. Mambo haya hayamezwi kwa nusu saa.

Siku ya kuondoka, lifungeni trela mwelekee mashariki hadi mji mdogo wa Wall. Ted na Dorothy Hustead walinunua duka la dawa hapo mwaka 1931, biashara ikadorora, hadi kiangazi cha 1936 Dorothy alipobuni mabango ya barabarani: maji ya barafu, bure. Magari yakaanza kukata kona. Maji bado ni bure, na maegesho ya matrela yapo.