Lagangabilili: Darasa la Sh20 milioni na tripu za tipa zisizopimwa

Ukitaka kujua kama darasa la kijiji litafika kwenye lenta kabla fedha hazijakata, usianze na mifuko ya saruji. Kaa pembeni ya eneo la ujenzi uhesabu tipa zinazoingia na zinazotoka.

Lagangabilili ni mahali pazuri pa kufanyia hesabu hiyo. Ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa. Wilaya mpya maana yake ni ofisi mpya, nyumba za watumishi, zahanati, shule. Kabla tofali la kwanza halijalazwa popote, lazima kuna lori limeshamwaga kitu au limeshaondoa kitu.

Lakini kwenye mijadala yetu ya miradi tunaongea saruji, nondo na bati. Usombaji tunaukuta mwishoni, pale mwalimu mkuu anapowaambia wazazi kuwa "fedha imeishia kwenye msingi".

Bei moja, ardhi tofauti

Rudi mwaka 2021. Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matumizi ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka IMF, fedha tulizozizoea kwa jina la UVIKO-19. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi za msingi. Kila darasa lilipewa Sh20 milioni.

Bei moja kwa nchi nzima ilikuwa na faida yake, tusiibeze. Kila mzazi aliijua namba. Mtendaji asingeweza kumwambia mtu darasa limekuja na milioni 14. Na kazi ilikwenda haraka kuliko tulivyozoea.

Ila namba ileile ilikwenda kwenye kilima chenye mawe na ikaenda kwenye mbuga. Anayetoka Usukumani anajua tofauti. Mbuga ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi, mzuri kwa pamba na majaruba ya mpunga, mbaya kabisa kwa nyumba. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Jenga juu yake bila kuuondoa na baada ya misimu michache ukuta unakuonyesha ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha.

Sasa piga hesabu. Chukua darasa lenye eneo la mita za mraba 80 pamoja na kibaraza. Mhandisi akisema mbuga itolewe hadi mita moja kwenda chini, hizo ni mita za ujazo 80 ardhini. Udongo ukichimbwa unaumuka, kwa mfinyanzi weka kama asilimia 30. Kwa hiyo unasomba mita za ujazo 104. Kwa tipa la mita kumi, hizo ni tripu 11 za kutoa tu.

Shimo halibaki wazi. Unarudisha moramu na kushindilia, na moramu nayo ikishindiliwa inapungua, hivyo unahitaji kiasi kilekile au zaidi kidogo. Tripu nyingine 11. Jumla 22, na hujaleta mchanga wa zege, kokoto wala mawe.

Tuseme tripu moja ni Sh150,000. Huo ni mfano wangu, bei halisi inategemea umbali na mafuta. Tripu 22 ni Sh3.3 milioni. Katika darasa la Sh20 milioni, shilingi moja kati ya kila sita imeondoka na vumbi. Mwenzako aliyejenga kwenye changarawe ngumu hiyo fedha anayo bado, anapigia plasta.

Ndiyo maana nasema kumlaumu kila mwalimu mkuu ambaye darasa lake limekwama si haki. Wapo waliokula, hilo halina ubishi. Wapo pia waliopewa bei ya kilima wakajenga mbugani.

Tripu si kipimo

Hapa ndipo fedha inapovuja zaidi, tena kimyakimya.

Miradi hii mingi inaendeshwa kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkubwa, shule au kijiji kinaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, kinanunua vifaa chenyewe na kumlipa fundi. Tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia kwenye mfumo wa NeST. Sawa. Lakini mfumo wa kompyuta hauwezi kuona kina cha mchanga ndani ya bodi la lori. Ukiandika "mchanga, tripu 20", umeandika nini?

Tripu ya Canter ndogo ni kama mita tatu. Fuso tipa ni tano, sita. Lile la tairi kumi linaanzia kumi kwenda juu. Hata kwa gari lilelile, tripu ya asubuhi na tripu ya jioni si sawa, hasa wapakiaji wakiwa wamechoka na dereva ana haraka.

Dawa ni futi kamba. Chukua bodi lenye urefu wa mita 3.6, upana 2.1 na kina 0.7. Zidisha: mita za ujazo 5.3. Hilo ndilo gari ulilokubaliana nalo. Likija mchanga umefika nusu mita tu kwenda juu, umepokea 3.8. Umepoteza mita moja na nusu. Kwa tripu 20 umepoteza mita 30, sawa na tripu karibu sita za gari hilohilo. Tuliwahi kuwa na watumishi hewa, hizi ni tripu hewa.

Ripoti za CAG zimekuwa zikirudia hoja za vifaa vilivyolipiwa bila ushahidi wa kupokelewa. Kwenye mchanga ushahidi unapotea haraka kuliko kitu kingine chochote, maana ukishaingia kwenye zege huwezi kuuhesabu tena. Kamati ya mapokezi inatakiwa iwe getini lori linapoingia, na fimbo iliyowekwa alama za sentimita. Inachomekwa sehemu nne au tano za bodi, inachukuliwa wastani, inaandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya gari na saa, dereva anasaini. Kazi ya dakika tatu.

Kukodi kwa siku au kwa tripu?

Kamati nyingi hudhani kukodi gari kwa siku ni nafuu. Inategemea nani anabeba hatari.

Ukikodi kwa siku, mara nyingi mafuta ni juu yako. Gari likikwama mbugani, saa zinazopotea ni zako. Wapakiaji wakichelewa, ni zako. Watu sita wenye machepe watachukua kama saa nzima kujaza Fuso, na muda wote huo tajiri wa gari anahesabu siku yake. Ukikodi kwa tripu, mambo hayo yanakuwa ya mwenye gari, ndiyo maana bei yake inaonekana kali.

Kwa hiyo sehemu ya karibu, njia kavu, na kuna kijiko cha kupakia, chukua kwa siku. Mbali au wakati wa mvua, lipa kwa tripu na uandike ujazo. Na ukishaleta kijiko, usilete tipa moja. Kijiko kinajaza gari la tairi kumi kwa dakika chache, kisha kinakaa kinanguruma kikisubiri gari lirudi, na kijiko nacho kinalipwa kwa saa.

Mafuta yenyewe ni hesabu rahisi. Lori la tairi kumi lenye mzigo kwenye barabara ya vumbi, weka lita moja kwa kilomita mbili. Machimbo yakiwa kilomita 30, kwenda na kurudi ni 60, lita 30. Dizeli ikiwa Sh3,000, hiyo ni Sh90,000 kabla ya dereva, tingo, tairi na faida. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo makubaliano ya bei ya tripu yaliyofanyika Juni yanaweza kuwa hasara kwa mwenye gari Septemba. Akiona hasara hatakwambia. Atapunguza mchanga.

Jambo moja linalosahaulika sana: udongo unaotolewa unakwenda wapi? Ukimwachia dereva aamue, ataumwaga karibu, na karibu mara nyingi ni kwenye mtaro wa barabara au shamba la mtu. Mvua ya kwanza maji yanarudi shuleni. Serikali ya kijiji inatakiwa ionyeshe mahali mapema, shimo la zamani la moramu kwa mfano. Wapo hata wakulima wanaoutaka udongo huo kwenye majaruba, na hapo gharama ya kumwaga inageuka kuwa ya kugawana.

Mzigo mkubwa, barabara ya nani?

Baadhi ya kamati hufurahia dereva anayejaza hadi juu ya mbao za kuongezea. "Huyu anatujali." Kwa upande wa mita anawajali kweli. Tatizo ni njia.

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na 18 kwa ekseli pacha za nyuma. Lori la tairi kumi basi lisizidi tani 26 pamoja na mzigo. Lenyewe tupu lina tani kama 12. Zinabaki 14. Mchanga wenye unyevu ni karibu tani 1.8 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kisheria linabeba mita zisizofika nane. Anayekuletea mita 12 anatembea na tani 33 na ushee.

Kwenye lami ya Lamadi–Bariadi–Maswa anaweza kukutana na mizani. Kwenye njia za vijiji vya Itilima hakuna mizani. Kuna kalavati za TARURA, wakala ulioanza kazi 2017 na kubeba mtandao mrefu wa barabara kwa bajeti ambayo kila mbunge wa vijijini anailalamikia. Wahandisi wana kanuni iliyotokana na majaribio ya Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950: ukiongeza uzito wa ekseli kwa asilimia 20, maumivu ya barabara yanakaribia kuwa mara mbili. Hayo yalipimwa kwenye barabara zilizosakafiwa. Kwenye mbuga iliyolowa sihitaji kusema.

Matokeo yake shule inaokoa tripu mbili, kijiji kinapoteza njia ya kupeleka mgonjwa zahanati.

Mchanga wenyewe

Mito yetu mingi ni ya msimu, ikikauka inaacha mchanga mzuri. Lakini mchanga ni madini ya ujenzi, unahitaji leseni na una mrabaha, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mchanga wa usiku ni wa bei rahisi kwa sababu hauna risiti. Kamati inayoupokea itaenda kwa mkaguzi na nini?

Yote haya yanakuwa magumu mara mbili kwa sababu ya kalenda. Fedha za 2021 zilizinduliwa Oktoba na madarasa yalitakiwa kupokea wanafunzi Januari 2022. Yaani usombaji ulifanyika mvua zikianza, kila kata ikitafuta tipa zilezile katika wiki zilezile. Mwenye lori asipandishe bei kwa nini? Wananchi wakajaziliza kwa mikokoteni ya ng'ombe, ambayo haibebi zaidi ya tani moja hivi kwa safari, na mchango wao ukaandikwa "nguvu za wananchi" bila mtu kuupima.

Kinachohitajika si bei ya darasa kupanda kila mahali. Sh20 milioni, au kiwango chochote kitakachofuata, kibaki kwa jengo. Usombaji na usafishaji wa eneo viwe na mstari wao, vikadiriwe na mhandisi wa halmashauri baada ya kuchimba shimo la majaribio na kupima umbali wa machimbo. Shimo la mita moja na nusu linachimbwa na vijana wawili kwa asubuhi moja. Likionyesha mbuga hadi chini, ni bora kijiji kibadilishe kiwanja kabla ya fedha kuingia.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya vijiji hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi kadhaa kabla. Kikao hicho ndicho cha kupeleka matokeo ya shimo, umbali wa machimbo kwa kilomita na mahitaji ya mchanga na moramu yaliyoandikwa kwa mita za ujazo.