Upele Hausubiri Kujifungua

"Usipake kitu, utamdhuru mtoto. Vumilia mpaka ujifungue." Mjamzito mwenye upele huyasikia haya kwa mama mkwe, kwa jirani, na wakati mwingine kwa muuza duka la dawa anayeogopa lawama. Nia ni njema, lakini ushauri wenyewe hauna mashiko.

Nadhani najua ulikoanzia. Katika maeneo ya Tanzania yenye usubi au matende, siku ya kumeza kingatiba wajawazito huwekwa kando. Mojawapo ya dawa zinazogawiwa ni ivermektini, ambayo ikimezwa huzunguka mwili mzima, na ushahidi wa usalama wake kwa mimba bado ni mdogo. Dawa hiyohiyo hutibu upele. Watu wakaliona katazo, wakalinyoosha: kama vidonge haviruhusiwi, basi na krimu isiguswe.

Lakini krimu ya permetrini ya asilimia 5 hufanya kazi kwenye ngozi. Kinachopenya mwilini ni asilimia 2 au pungufu, nacho huvunjwa upesi na kutoka kwa mkojo. Ndiyo maana miongozo mingi ya tiba huitanguliza kwa wajawazito. Marhamu ya salfa ni ya tangu zamani, inanuka na inachafua shuka, ila hupewa wajawazito na hata vichanga. Na BBE je, yaani benzili benzoati? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipitia kumbukumbu za wakimbizi wa mpaka wa Thailand na Myanmar waliotibiwa kwa dawa hiyo au kwa permetrini wakiwa wajawazito. Matokeo ya mimba zao hayakutofautiana na ya wenzao ambao hawakutibiwa. Ubaya wa BBE ni kwamba huchoma sana kwenye ngozi iliyochubuka.

Sisemi kila cha kupaka ni salama. Lindani nayo hupakwa, lakini hupenya na kudhuru mishipa ya fahamu; mjamzito aikatae. Kinachonishangaza ni nyumba ileile inayokataza krimu kumruhusu mjamzito ajipake mafuta ya taa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, eti hizo "zimezoeleka".

Na kusubiri nako kuna gharama. Jike la utitiri wa upele huchimba kijihandaki kwenye ngozi na kutaga mayai mawili matatu kila siku. Mwasho hupamba moto usiku, mama hakosi kujikuna, majeraha huingiwa na bakteria, na baadhi ya bakteria hao huweza kuishia kuumiza figo. Mtoto hapati upele akiwa tumboni. Huupata kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na utitiri hupenda kukaa kuzunguka chuchu, mahali pa kwanza anapolazwa kichanga. Hapo uchaguzi wa dawa umebana zaidi, kwa kuwa permetrini kwa kawaida hupewa watoto waliotimiza miezi miwili. Aliyemshauri mama asubiri amemhamishia mtoto maradhi.

Mjamzito akishaandikiwa permetrini kliniki, aipake usiku mmoja kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, kitovuni na chini ya kucha. Akinawa mikono, airudie mikononi. Aoge baada ya saa 8 hadi 14, kisha arudie zoezi zima baada ya wiki moja au mbili. Mume na watoto watibiwe usiku huohuo kwa dawa inayowafaa, hata asiyewashwa, maana anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita bila dalili. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto. Mwasho ukiendelea wiki mbili tatu asidhani dawa imeshindwa akajipaka kila siku. Ngozi huchelewa kutulia hata wadudu wakiwa wamekufa.

Kuna mwasho mwingine ambao krimu hizi haziuhusu. Mimba ikiwa kubwa, viganja na nyayo vikawasha sana usiku bila vipele vyovyote, tatizo linaweza kuwa kwenye ini, na hilo ni hatari kwa mtoto. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe damu.