Kompyuta Kuukuu Yataka Ubaridi, Si Mbio

Mpwa wangu mmoja, kijana wa hapa Mombasa anayejipatia riziki yake kwa kupiga filamu za arusi, alinijia jioni moja baada ya Magharibi, uso umemsawijika. Nilipokwisha kumwitikia shikamoo yake akaniambia, "Mjomba, nimeharibu kazi ya watu." Filamu ya arusi ya jirani ilikuwa imejaa mabaka na kukatikakatika, tena pale pale bwana arusi anapoingia kumpa mkono bibi arusi. Na kadi ya kamera alikuwa amekwisha kuifuta. Siku hiyo hairudi tena.

Nilimwuliza kilichotokea, akazungukazunguka, mwishowe akakiri. Alikuwa ameikimbiza kompyuta yake.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, na ndani yake mna prosesa ya Intel iitwayo Core 2 Quad Q6600, iliyotoka mwaka 2007. Mwenye kuiunda aliipa mwendo wa gigahezi 2.4. Lakini vijana wa dunia nzima waligundua mapema kwamba ukiingia katika bayosi, yaani ile programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote, ukapandisha kipimo cha basi kutoka megahezi 266 hadi 333, prosesa ile ile hukimbia kwa gigahezi 3 bila ya kulipa hata senti moja. Huko ndiko waitako ovaklokingi. Wala si jambo geni: Celeron 300A ya mwaka 1998 ilipata sifa kubwa kwa kupandishwa kutoka megahezi 300 hadi 450.

Siwalaumu vijana kwa kupenda cha bure, nani asiyekipenda? Ninalolipinga ni kudhani kuwa hakina malipo. Malipo yake ni joto. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka sambamba na mwendo, lakini kwa volti huongezeka kwa volti mara volti. Q6600 za toleo la pili zimepimiwa wati 95. Zikimbize hadi gigahezi 3, na ili zisiyumbe uzipandishe volti kutoka 1.25 hadi 1.40 kama wengi wafanyavyo, na hesabu itakupeleka karibu wati 150. Hizo zote zinatoka katika kipande kidogo kuliko kiganja cha mtoto, zikitegemea feni moja na bamba la aluminiamu lenye mbavu mbavu.

Sasa nasema jambo ambalo wale wanaojisifu kutoka nchi za baridi hawana haja ya kulisema. Feni haizalishi baridi. Huondoa joto na kulitia katika hewa ya chumbani, basi. Chumba chenye digrii 20 kikigeuka kuwa cha digrii 32, na prosesa nayo hupanda kiasi cha digrii 12 juu ya ilivyokuwa. Anayeikimbiza mashine yake Stockholm mwezi wa Januari na anayeikimbiza Majengo wakati wa kaskazi, chini ya paa la bati, hawafanyi kazi moja hata kama wamenunua feni moja.

Wako waliosikia habari hii wakaja na dawa za ajabu. Mmoja anafungua ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni ya mezani. Kwa saa mbili tatu inasaidia, lakini kwa mwezi mmoja umeingiza vumbi na hewa ya chumvi ambayo hula madini polepole. Mwingine anataka barafu. Huyo na atazame bilauri ya maji baridi mezani pake jinsi inavyotoka jasho, kisha ajiulize jasho hilo likitiririka juu ya ubao wa umeme itakuwaje.

Hata Intel wenyewe walishindwa na mbio hizi. Pentium 4 walizozitoa mwaka 2004 zilikuwa moto kupita kiasi. Zikafika gigahezi 3.8, na Oktoba mwaka huo wakatangaza kuiacha ile ya gigahezi 4 waliyoiahidi. Mwaka 2006 wakatoa Core 2, yenye mwendo mdogo zaidi lakini ikifanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo. Huyo ndiye mzazi wa Q6600. Yaani mpwa wangu alichukua mashine iliyozaliwa kwa kukimbia joto, akairudisha motoni.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba haikuwa na haja. Tulipoifungua, mbavu za aluminiamu zilikuwa zimezibwa na vumbi kama pamba ya mto. Ile dawa ya kupitishia joto, iliyopakwa kati ya prosesa na bamba, ilikuwa imekauka ikawa chokaa. Vijiti vinne vya plastiki vinavyolishika bamba, ambavyo ni maarufu kwa ubishi wao, kimoja hakikuwa kimeingia sawasawa. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Basi ule uzito aliokuwa akiulalamikia haukuwa uzee, ni pumzi iliyobanwa.

Tukapuliza vumbi (feni uizuie kwa kidole, isizunguke ovyo), tukafuta chokaa kwa spiriti, tukapaka dawa mpya kiasi cha punje ya choroko, tukakandamiza vijiti vyote vinne hadi vikalia. Kisha tukarudisha bayosi kwenye vipimo vya kiwandani. Kazi ile ile iliyokuwa ikifikisha digrii 92 sasa inasimama kwenye 70, na mashine haisiti tena.

Najua watakaonijibu kwamba wameikimbiza miaka mitano na haijafa. Huenda. Kufa ni jambo dogo, kwani mashine iliyokufa huonekana. Ya kuogopwa ni ile inayokosea hesabu kimya kimya, kwa sababu basi ikipandishwa hukokota na kumbukumbu pamoja nayo, na kosa moja likaandikwa katika diski kama kwamba ni kweli. Anayetaka mchezo na anunue bamba kubwa, apandishe kidogo kidogo bila ya kugusa volti, aijaribu usiku kucha, na iwe mashine ya mchezo tu. Filamu ya arusi ya mtu ni amana. Huna ruhusa ya kuichezea kamari kwa ajili ya dakika kumi.

Jirani amerudishiwa fedha zake zote. Mama wa bibi arusi amezipokea, akashukuru, na mpaka leo anapita mlangoni kwetu bila ya kubisha hodi.