*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: FEDHA ISIYO NA RISITI HAIINGII TAWINI*



Tangu juzi kuna ujumbe unazunguka humu ukimsifu Ralph Reed, mwanamikakati wa siasa za kihafidhina wa Marekani. Unataka tujifunze kwake, na hapohapo tupokee mchango wa "mfadhili" asiyetaka kutajwa. Nimeusoma wote. Jibu langu ni hili.

*Kwanza, tumpe haki yake.* Mwaka 1989, akiwa na miaka 28, Reed alipewa na mhubiri Pat Robertson kazi ya kuongoza Christian Coalition. Hakuanzia Ikulu. Alianzia bodi za shule na vikao vya chini vya chama, kanisa kwa kanisa, akigawa vipeperushi vya kulinganisha wagombea. Mwaka 1994 chama cha Republican kilitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40. Kazi ya shina kwa shina inalipa. Mnaoshinda kijiweni wakati daftari la wanachama halijahakikiwa, mmesikia.

*Pili, fungueni ukurasa wa pili wa hesabu.* Mwaka 1997 alitoka akafungua kampuni ya ushauri. Rafiki yake wa tangu siasa za vyuoni, Jack Abramoff, alikuwa dalali wa makabila ya wenyeji asilia yenye kasino, na kasino hizo hazikutaka washindani. Reed akalipwa kuwaamsha waumini wapinge kamari: bahati nasibu ya Alabama mwaka 1999, kisha kasino ya kabila la Tigua kule El Paso, iliyofungwa 2002. Muumini alidhani anapigana na kamari, kumbe gharama inalipwa na kasino ya jirani! Fedha nyingine zilipitishwa kwanza kwenye taasisi ya katikati. Yote hayo yalianikwa na kamati ya Seneti mwaka 2006.

Reed hakushtakiwa. Alijitetea kwamba alihakikishiwa fedha hizo hazikutokana na kamari. Lakini Julai 2006 alipoomba kugombea Unaibu Gavana wa Georgia, wanachama wa chama chake mwenyewe walimkataa kwenye kura za mchujo.

Mtasema: "Mbona alirudi?" Kweli, mwaka 2009 alianzisha Faith and Freedom Coalition na akapata nguvu tena. Yeye alirudi. Waumini waliotumiwa bila kujua, nani aliwarudishia imani yao? Mchuma janga hula na wa kwao.

*Tatu, msimamo wa ofisi.* Anayetaka kutusaidia fulana na nauli za mawakala aje ofisini, jina liandikwe, Mweka Hazina akate risiti, fedha iende akaunti ya tawi. Simu ya mjumbe si benki. Najua tunadaiwa pango miezi miwili. Afadhali deni la mwenye nyumba tunayemjua kuliko fadhila ya mtu tusiyemjua, maana huyu wa pili atakuja kudai siku ya kura za maoni.

Nimesomea uhasibu. Kwenye safu ya mapato sijawahi kufundishwa kuandika "mtu fulani", na sitaanza leo.

Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni. Mwenye hoja aje nayo pale, tumjibu uso kwa uso.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*