Msumari wa Simu Ufundishwe Darasani

Kwetu Kasesya, mpakani na Zambia, utakuta nyumba ina msumari wa simu: ukutani, pale pale panaposhika mtandao. Isogeze simu shibiri moja tu, imekata. Wenzangu hapa chuoni wanacheka, eti ushamba. Mimi nasema hiyo ni takwimu.

Mawimbi ya simu ya megahezi 900 yana urefu wa sentimita 33 hivi. Yakigonga bati, kilima na lori la mahindi, yanaifikia simu kwa njia nyingi. Hapa yanaongezana, pembeni kidogo yanauana. Lord Rayleigh wa Uingereza aliandika hesabu ya mitetemo iliyochanganyika ovyo namna hii mwaka 1880, kabla hata ya redio. Kwa hesabu yake, pale mnara usipoonekana moja kwa moja, uwezekano wa nguvu ya mawimbi kushuka chini ya sehemu ya kumi ya wastani ni kama asilimia 9.5. Chini ya sehemu ya mia, kama asilimia 1.

Sasa sisi walimu watarajiwa tutafundisha uwezekano kwa sarafu na dadu. Dadu! Mtoto wa Kasesya anaijulia wapi? Ila anajua kwamba bibi akitumiwa hela, ujumbe unaweza kugoma kuingia. Basi apime vijiti vya mtandao kila shibiri, mara mia, achore grafu. Vijiti si kipimo safi, sawa, lakini swali litakuwa lake. Na msiniambie simu ni marufuku kwa wanafunzi. Ya mwalimu ipo mfukoni.