Kinasa sauti cha mtoto mgonjwa kilivyozaa tuzo ya Oscar

Mtoto akiugua na kulazimika kushinda kitandani siku kadhaa, mzazi huhangaika kutafuta cha kumtuliza. Wengi siku hizi humpa simu, naye hutazama katuni mpaka usingizi umchukue.

Miaka ya 1950 huko Marekani, mtoto aitwaye Ben Burtt aliugua hivyo hivyo. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa kemia chuo kikuu, alimletea kinasa sauti. Mtoto akaanza kunasa sauti za filamu na vipindi vya runinga, kisha akawa anazisikiliza tena na tena bila picha. Mzazi mwingine angesema ni kelele tupu na kupoteza muda. Baba huyu alimwacha aendelee.

Burtt alikua, akasoma shahada ya fizikia, kisha akasomea utengenezaji wa filamu. Ndipo akapewa kazi ya kutafuta sauti za filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977. Haikuwa kazi rahisi, kwani filamu hiyo imejaa viumbe, roboti na silaha ambazo hazipo duniani. Nani aliwahi kusikia upanga wa mwanga ukivuma?

Alizipata sauti hizo kwenye vitu vya kawaida. Mvumo wa upanga ulitokana na mota ya mashine ya kuonyeshea filamu, ukachanganywa na mngurumo wa runinga. Mlio wa bunduki aliupata kwa kugonga kwa nyundo waya unaoshikilia mnara wa mawasiliano. Chewbacca, lile jitu lenye manyoya, alipewa sauti za dubu na wanyama wengine. Roboti mdogo R2-D2 akapewa milio ya kinanda cha umeme pamoja na sauti ya Burtt mwenyewe akiiga kichanga.

Zilipotolewa tuzo za Oscar Aprili 1978, hakukuwa na kundi la kawaida la kushindania kazi ya namna hiyo. Akademi ya filamu ikampa Burtt tuzo ya mafanikio maalumu. Mwaka huohuo Garrett Brown naye alitambuliwa kwa kubuni Steadicam, kifaa kinachomwezesha mpiga picha kukimbia au kupanda ngazi bila picha kutikisika. Kazi zao zilifanyika nyuma ya pazia, lakini filamu za leo bado zinatumia mbinu walizozianzisha.

Si kila mtoto anayechezea vifaa atapata Oscar, na mzazi hana haja ya kumwekea mwanawe mzigo huo. Cha kujifunza ni uamuzi wa yule baba. Hakumletea mtoto kitu cha kutazama tu, alimletea kitu cha kutengenezea. Mtoto anayetazama humaliza kipindi na kudai kingine, ilhali anayetengeneza hujifunza kusikiliza, kujaribu, kukosea na kurudia.

Bahati nzuri, kinasa sauti kimo ndani ya simu ileile inayogombaniwa nyumbani. Jioni moja mzazi na mtoto wanaweza kunasa mvua ikipiga bati, mwiko ukikwangua sufuria, au mlango unaolia. Kisha wengine sebuleni wabahatishe ni sauti ya nini. Dakika kumi na tano zinatosha, na hata bando halihitajiki.

Na yule anayependa kufungua redio mbovu? Mzazi ahakikishe kwanza kwamba haijachomekwa kwenye umeme na kwamba betri zimetolewa, kisha aketi naye amuulize anatafuta nini humo ndani. Huenda mtoto ana jibu ambalo hakuna mtu aliyewahi kumpa nafasi ya kulisema.