Watoto wa Viti Mwendo Nao Wabembee

Ndugu zangu wa Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo, sikukuu za Desemba zikifika watoto watadai kutoka. Mjini kutafungwa bembea, na wenye nauli watawapeleka Ndolezi kukiona kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kufika tani 16. Anayetumia kiti mwendo ataachwa na bibi yake, kwa kauli ya huruma: "Atachoka." Achoke na nini, naye amekaa?

Kinachomzuia ni njia. Desemba kwetu ni mvua. Magurudumu madogo ya mbele huzama topeni, anayesukuma akalazimika kukiinamisha kiti nyuma, kiende kwa yale makubwa. Kisha kuna ngazi. Hapo hujitokeza wanaume wanne, wakamnyanyua mtoto kama gunia la mahindi, hata jina hawajamuuliza.

Miji yetu ina mafundi wa kuchomelea wanaounga matela ya malori yaendayo Zambia na Kongo. Njia ya mteremko haiwashindi. Kipimo chake ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka mita 3.6, si ubao mfupi uliotupiwa mlangoni. Mafundi haohao watuundie bembea ya jukwaa: kiti kinasukumwa juu yake, breki zinakazwa, kinafungwa mikanda, mtoto anabembea bila kushuka. Huko San Antonio, Marekani, bembea za namna hiyo zipo Morgan's Wonderland, bustani iliyofunguliwa mwaka 2010 na baba mwenye binti mlemavu. Mwenye ulemavu halipi kiingilio.

Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu, nayo ya 2010, inataka maeneo ya umma yafikike. Tusingoje kushtakiwa.

Basi kila mtaa uitishe kikao kabla ya Desemba. Mwenye vyuma atoe vyuma. Mwenye lori alete moramu tuishindilie. Kokoto tupu hapana, gurudumu hukwama. Wenye bembea, wekeni hiyo ya jukwaa kwa bei ileile ya nyingine. Walimu, mhesabuni mtoto huyu kabla hamjakodi basi: viti vingi hukunjwa vikaingia kwenye buti. Nanyi wazazi mliokata tamaa ya kuwatoa, semeni kikaoni ni ngazi ipi na tope lipi linalowarudisha, maana mafundi wataanzia hapo.